Mti Juu ya Nyumba ya Wamalwa

Zadar, Yugoslavia
6 Julai 1958

Dada Nanyama,

Nakusalimu wewe, namsalimu Baba, nawasalimu jirani zetu Chepngeno na mumewe Kipkorir, pamoja na ng'ombe waliobaki. Mimi ni mzima ila mgongo. Chuo kimefungwa huko Uingereza, nikafuatana na wanafunzi wenzangu kuja huku, nikidhani ni likizo. Kumbe ni kubeba mawe kutwa.

Mji huu hukuwahi kuuona kwenye ramani ya shule yetu, maana ile ilijua nchi za Mwingereza tu. Ni mji wa kale, bahari imeuzunguka pande tatu. Ndege za vita ziliupiga mpaka ukawa vifusi, wakati huo mimi nikichunga ndama. Hadi leo kuna mitaa ambayo ni kuta tupu, unachungulia dirishani unaona mbingu. Lakini watu hawakutoka, na hilo ndilo limenishika moyo. Kuna kanisa la mviringo hapa ambalo msingi wake ni nguzo za jengo lililoanguka zamani kabla yake. Walizilaza nguzo nzimanzima chini kama magogo, wakajenga juu. Nikasema, hawa wamezoea.

Jirani yetu ni mjane, anaitwa Mara. Mumewe alikufa vitani. Alipewa chumba katika nyumba mpya nje ya mji, akakataa. Alisema akiondoka, atakayekuja atasema palikuwa kiwanja kitupu. Siku tuliyofika tulimkuta juu ya paa anapanga vigae, sketi kaifunga kiunoni, anamtukana mtu wa chini aliyekuwa anampitishia vigae kwa uvivu. Yuko mwenzetu anayetufasiria, basi nikamwambia Mara kwamba kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, ni mwiko. Nikamweleza na habari ya ule mti wa kileleni: kwamba mwenye nyumba anausimamisha mwenyewe juu ya paa, na siku akifa unang'olewa, ili mpita njia ajue bila kuuliza. Mara akasikiliza, kisha akasema, "Na wanaume wakiisha wote, mvua inawangoja?"

Nikamwokotea kigae kingine. Jibu Baba angelipata.

Sasa mambo ya nyumbani. Barua yako ya mwisho ilisema Bwana, yule mzungu mwenye shamba, ametangaza kwamba hataki tena maskwota shambani kwake, kila mtu abebe vyake arudi rizavu ya kabila lake. Rizavu gani? Baba ametoka huko na ng'ombe wa kulimia kabla wewe hujazaliwa. Mwambie asitoke. Nyumba ikiwa imesimama na moshi unatoka, mtu ana la kusema mbele ya yeyote. Ikishaanguka, wanapanda ngano juu yake na hakuna atakayekumbuka.

Nitumie picha ya nyumba niione kwa macho yangu. Na Baba aandike ule mstari wake wa mwisho kama kawaida, hata kama hausomeki.

Ndugu yako,
Khisa


Mau Narok
24 Julai 1958

Khisa mdogo wangu,

Dalmas wa reli ameileta barua yako kutoka posta ya Nakuru. Nimeisoma kwa sauti mbele ya Chepngeno. Anasema huyo Mara ni Mkipsigis aliyepotea njia. Mimi nasema ni Mbukusu kama sisi. Bado hatujapatana.

Sisi ni wazima. Baba ni mzima. Hakuandika mstari wake kwa sababu mkono unamuuma, na baridi ya huku unaijua. Bwana amenunua trakta kubwa, na dereva ni Kipkorir wa Chepngeno. Siku hizi Bwana anatembea kifua mbele, ungedhani hiyo trakta ameizaa yeye.

Nataka kukuuliza. Huyo mama alipandaje? Kwa ngazi, au alikanyaga ukuta? Alianzia juu akashuka, au alianzia chini akapanda? Nani alikuwa anamshikia, na alijifunga kamba wapi asianguke? Miti ya zamani aliitumia tena, au alitafuta mipya? Na watu walipomcheka alifanya nini?

Usiniulize nauliza kwa nini. Mtu kuuliza si mwiko, au hilo nalo limekatazwa?

Picha nitatuma.

Dada yako,
Nanyama


Zadar
5 Agosti 1958

Dada,

Umenifurahisha. Tangu nianze kusoma ujenzi hakuna mtu wa nyumbani aliyeniuliza swali moja la ujenzi.

Mara alipanda kwa ngazi, halafu akajifunga kamba kiunoni, kamba ikapita upande wa pili wa paa ikafungwa kwenye kisiki. Vigae unaanzia chini ukingoni unapanda, cha juu kinalalia cha chini. Hata nyasi zetu ni hivyohivyo, umewaona wazee wakiezeka. Wanawake wenzake walisimama mstari, wakapitishiana vigae mkono kwa mkono. Miti alichambua kwenye vifusi: kila boriti isiyooza aliirudisha mahali pake. Anasema mti uliokwishazoea uzito haukuaibishi. Na waliomcheka aliwatupia kigae. Kimoja tu, maana vigae ni adimu.

Ila nawe usinichezee. Baba anaumwa mkono gani? Maana akiumwa wa kulia huandika kwa wa kushoto, na mwandiko ni uleule mbaya. Mwambie nimesema hivyo, atakasirika ataandika.

Picha iko wapi?

Khisa


Mau Narok
25 Agosti 1958

Khisa,

Umedai picha kama mtu wa kodi. Hiyo hapa. Mpiga picha wa Nakuru alipita siku ya soko, nikamkamata kabla hajafunga kamera yake. Waliosimama mbele ni mimi na Chepngeno. Yeye amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke. Baba alikuwa mbali siku hiyo.

Nyumba unaiona. Imesimama, moshi unatoka. Sasa tulia usome.

Nanyama


Zadar
8 Septemba 1958

Nanyama,

Nimeitazama picha mpaka macho yameniuma. Nyumba ipo, nyasi ni mpya, moshi upo. Mti wa kileleni haupo.

Ulidhani nimesahau? Nilizaliwa chini ya paa lile. Ule mti wa mtarakwa Baba aliuchonga mwenyewe, nikitoka shuleni nilikuwa nauona kwanza kabla sijaiona nyumba. Sasa naona kilele kitupu, na wewe umesimama mbele yake unaniangalia kama hakuna kitu. Mkono unamuuma. Alikuwa mbali siku hiyo. Mmemzika lini? Na nani alishika jembe badala yangu, mtoto wake wa kiume akiwa hai anabeba mawe ya watu?

Nimekasirika, dada. Nimekasirika kuliko ninavyolia, na nimelia. Nimenyoa kichwa kama inavyonipasa. Wenzangu wameogopa kuniuliza. Mara ameuliza, nikamwambia Baba amekufa, naye akanisogezea rundo la vigae tukafanya kazi mpaka jioni.

Chuo naacha. Nitatafuta meli. Bwana asidhani kwamba Wamalwa akifa nyumba yake imekufa. Nitausimamisha mti wangu pale mimi mwenyewe, na atakayetaka kuung'oa aje aanze na mimi.

Mngeniambia tu.

Khisa


Mau Narok
20 Septemba 1958

Khisa,

Kabla hujapanda meli yoyote, kaa chini. Baba hajafa. Yuko hapa, nikiinua kichwa namwona, na amenuna. Umemnyolea nywele mtu aliye hai. Zitaota.

Ni kosa langu. Nilitaka uione nyumba utulie, nikaisahau alama ambayo hata mtoto anaisoma. Chepngeno amenicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikia ukweli wote. Barua yako ya kwanza ilipokuwa bado njiani, Baba alishtakiwa kwa kukataa kuondoka, akafungwa miezi miwili. Siku ya kuchukuliwa, askari wakimtoa mlangoni, alinishika mkono akaniambia, "Khisa asijue. Akijua ataacha shule, na Bwana atakuwa ametubomoa mara mbili." Kwa hiyo nilikudanganya, na ningekudanganya tena.

Kesho yake trakta ikaja. Kipkorir akafunga mnyororo kwenye nguzo ya kati, nyumba ikalala chini pamoja na mti wake. Bwana akasema pasipo na nyumba hapana Wamalwa, akapanda gari akaenda zake Nairobi. Chepngeno aliyaona yote. Akarudi kwake, akazitoa sufuria nje, akamwambia mumewe kuanzia leo hiyo trakta ikupikie. Kipkorir anakula kwa nyapara mpaka sasa, amekonda.

Nilikuwa nalala kwa Chepngeno, mchana nakaa kwenye vifusi. Sikuwa na akili yoyote. Ndipo ikaja barua yako na huyo mwanamke wako wa juu ya paa. Nikaisoma mara ya pili, nikaanza kuchambua nguzo. Nyingi zilikuwa nzima. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi wakaja mmoja mmoja, Waluhya, Wakipsigis, Wajaluo, kila mmoja na fundo lake la kufungia fito, na kila mmoja anasema la mwenzake litafunguka. Tuligombana sana, na ukuta ukasimama. Udongo tulikanda wenyewe. Zikabaki nyasi. Wanaume walikuwa wanatupita mbali wanaangalia chini. Walimwogopa Bwana, na mwiko pia waliuogopa.

Basi nikapanda mimi. Nilifunga kamba kwenye kisiki, nikaanzia ukingoni, kama ulivyoandika. Nilipokanyaga ufito wa kwanza wote waliacha kazi, wakainua macho. Nami nilingoja labda radi, labda niwe kipofu. Hakuna kilichokuja. Nikawaambia leteni nyasi, mnaangalia nini.

Mti wa kileleni sikuutia. Niliuokota kwenye vifusi, nikaufuta, nikauweka. Ningeutia mimi, au ningemwita mwanamume yeyote autie, ingekuwa kusema nyumba ina mwenyewe mwingine. Huo ni wa Baba.

Bwana aliporudi alicheka. Akasema nyumba ya wanawake itabomolewa na mvua, hana haja ya kumaliza mafuta. Mvua imenyesha. Halijaingia hata tone.

Baba alitoka jela Jumapili iliyopita. Alipanda kutoka Njoro kwa miguu, goti limeharibika huko alikokuwa. Nilimkimbilia. Aliizunguka nyumba, akashika ukuta, nikaona macho yamejaa maji. Kisha akauliza, "Nani ameezeka?" Nikasema mimi. Akageuka, akaenda kukaa kwenye jiwe la kunolea mapanga, na mpaka leo hajaingia. Anasema hawezi kulala chini ya paa alilolikanyaga binti yake. Nimempa mti wake. Ameuweka mapajani, hautii, hautupi. Analala ghalani kwa Chepngeno.

Na Bwana amepata habari. Sasa anasema mwenye nyumba mwenyewe ameikataa, kwa hiyo si ya mtu, na ngano ikishavunwa ataisawazisha.

Mwandikie Baba. Mimi hanisikii. Lakini usiniombee msamaha, Khisa. Sikukosa.

Nanyama


Zadar
1 Oktoba 1958

Mulembe, Baba.

Picha iliniambia umekufa, barua ikaniambia umefufuka. Mara aliposikia alinivisha kofia ya marehemu mumewe, akasema kichwa cha mpumbavu kisipigwe na jua. Kesho kutwa narudi chuoni. Siachi.

Mimi ni mtoto wako na sitakufundisha mila. Ulinifundisha wewe. Uliniambia mwiko ni ua, unaizunguka nyumba isiingiliwe. Nimelishika hilo mpaka huku, nikamwambia hata mzungu ambaye hakuniuliza. Lakini nakuuliza kwa heshima: nyumba ikishaangushwa, ua unabaki unalinda nini? Unamlinda nani, kama si yule aliyeiangusha?

Bwana hakuuliza mila yako alipofunga mnyororo. Leo anaipenda sana, kwa sababu inamfanyia kazi ambayo mvua imeshindwa kuifanya.

Dada alipanda juu lakini mti hakuutia. Angetaka kukudharau angeutia. Alikuachia nafasi yako kileleni, akakaa chini ya kilele kitupu siku zote hizo, watu wakimdhania yatima. Ndiyo maana hata mimi nilidhani.

Nimemaliza. Ukinikasirikia, kasirika ukiwa ndani.

Mwanao,
Khisa


Mau Narok
27 Oktoba 1958

Mwanangu Khisa,

Mkono unaoandika ni wa Nanyama, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze lake.

Barua yako nimeisoma. Ina maneno makali kwa mtu asiye na nywele. Usidhani ndiyo iliyonitoa kwenye jiwe. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea kukaa.

Jumatatu Bwana alikuja na trakta, Kipkorir akiwa juu yake, mnyororo unaburuzika. Dada yako alichukua ngazi, akapanda, akakaa juu kabisa pale kileleni, miguu huku na huku. Chepngeno akaenda akaegemea ukuta, kamtazama mumewe. Wale wanawake wengine wakatoka kwenye shamba la pareto, wakasimama. Bwana akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hajalifanya miaka yote. Akasema, "Wamalwa, wewe ni mtu wa mila, nakuheshimu. Sema mbele ya watu, hii ni nyumba yako?"

Alikuwa amenijua vizuri. Nikisema si yangu, mila yangu imekaa salama na nyumba imekwenda. Nikisema ni yangu, yuko mwanamke juu yake, na wanaume wote wa kambi wananiangalia.

Nilimtazama dada yako. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia trakta tu, na nyasi ameshazikamata kwa mikono miwili. Nikakumbuka marehemu mama yako. Yeye angekuwa ameshapanda siku nyingi, na asingengoja barua kutoka kwa mtu.

Nikasimama. Kupanda siwezi, goti halikubali. Nikaenda mpaka ukutani, nikainua mti, nikamwambia, "Nanyama, pokea." Akanitazama kwanza, kama hajasikia. Nikamwambia, "Pokea, mkono wangu unachoka. Usiupindishe." Akaupokea. Akauchomeka kileleni, akaukaza kwa kamba yake mwenyewe, ile aliyojifungia kiunoni. Ndipo nikamgeukia Bwana nikamwambia nyumba hii ni yangu, na huyo aliye juu yake ni wangu, na ukitaka kuiangusha leo mwenyewe yumo.

Bwana akamwambia Kipkorir aende. Kipkorir akautazama mti. Hata kwao mti huo upo, na maana ni ileile. Mara ya kwanza alijiambia mwenye nyumba ni mfungwa, ni kama hayupo. Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake. Akazima injini, akashuka, akamwekea Bwana mkononi hendeli ya kuiwashia. Akasema, "Nyumba ina mwenyewe. Endesha wewe." Bwana alibaki ameishika ile hendeli. Kuna ng'ombe mmoja alipita katikati yao, wala hakuna aliyemfukuza. Kisha Bwana akasema atarudi na askari, akaondoka kwa miguu.

Atarudi, simdharau. Anayo karatasi na anayo trakta nyingine. Labda tutaangushwa tena. Basi nguzo tunazijua zilipo, na aliyeezeka yuko. Hapa sitoki.

Chepngeno amerudisha sufuria ndani. Kipkorir amefukuzwa kazi na ameanza kunenepa.

Usiku wa kwanza nililala humo nikisubiri nione paa litanifanya nini. Halikufanya kitu. Halivuji hata pembeni, mahali ambapo langu lilikuwa linavuja na mama yako akiniambia kila masika. Nimemwambia dada yako ghala la mahindi nalo linataka nyasi. Amesema nipande mwenyewe. Nimempuuza, lakini ngazi nimeiacha pale.

Maliza shule. Mwambie huyo mama wa juu ya paa kwamba Wamalwa wa Mau Narok amesikia swali lake. Jibu ni hapana, mvua haiwangoji.

Mstari wa chini nitaandika mwenyewe.

Baba yako,
Wamalwa

*Mkono wangu ni mzima. Nyumba utaijua kwa mti. Umeinama kidogo kushoto, dada yako amekataa kuurekebisha, na mimi nimeuacha.*